Masharti Yangu Tisa kwa Nyumba ya Bi Shamsa

Jumamosi, 9 Oktoba 1982

Chupa kumi na nne za maji zimeletwa maabara leo. Tatu chafu. Za kisima kimoja cha huko Samad zina harufu mbaya, na mwenye kisima ameapa kuwa babu yake aliyanywa maji hayo akafika miaka mia. Nimemwandikia achemshe. Hatochemsha.

Nimerudi chumbani saa nane. Cherehani za fundi wa nguo, upande wa pili wa ukuta, zinagonga mpaka magharibi. Nimekula wali wa jana.

Asubuhi nimeikataa nyumba ya tatu. Choo kiko hatua tisa kutoka kisimani. Nimezihesabu mara mbili. Khalfan dalali amekasirika. Ati hapa Ibra, na Omani nzima, hakuna mtu anayenunua nyumba kwa kuhesabu hatua. Nimemjibu kuwa mimi nilikuwa bwana afya Unguja miaka kumi na moja na nimeona watu wanakufa kwa hatua tisa. Akawasha gari.

Barua ya Raya iko chini ya mto. "Baba, siji kukaa kwenye chumba cha nyuma ya duka. Ukipata nyumba yako niambie, nitakuja." Ana miaka ishirini na sita. Nilipomwacha Tanga kwa mama yake mdogo alikuwa na minane, mama yake keshafariki. Tokea hapo nimemwona mara mbili. Sina mtu mwengine.

Jumanne, 12 Oktoba

Nyumba ya nne. Sufala, mtaa wa chini, karibu na mashamba ya mitende. Nyumba ya udongo, ya zamani, kuta nene kama mkono wangu mzima.

Nilibisha hodi kwa Kiarabu changu cha kuvunjikavunjika. Ndani sauti ya kizee ikajibu, "Karibu, pita, angalia kizingiti usijikwae." Kiswahili cha mjini Unguja, cha zamani, safi. Nikasema shikamoo bila ya kufikiri. Muda mrefu sijalitamka neno hilo. Nikalirudia mara ya pili. Upumbavu.

Anaitwa Bi Shamsa. Kazaliwa hapa hapa Ibra, akaozwa Unguja msichana mdogo, akakaa Mkunazini miaka thelathini, akarudi na mumewe kabla mambo hayajaharibika. Mume keshafariki. Mwanawe wa pekee ana kazi Maskati na anataka kumchukua. "Kanijengea chumba chenye mashine ya baridi," alisema. "Atanigandisha huyu."

Alinimiminia kahawa. Nikaiacha, nikaenda kukitazama kisima kwanza. Niliporudi imepoa. Akaimwaga, akamimina nyengine. Kwenye gari Khalfan alinisema mpaka sokoni.

Nyumba naitaka. Nimeandika hapa ili nisijidanganye.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimeandika karatasi. Natoa arbuni, pesa ya kuishikia nyumba, napewa siku ishirini na moja za kuikagua nyumba. Maji ya kisima, magogo ya dari, kuta, paa, choo, mlango wa mbele na mengineyo. Masharti tisa. La tisa: kitu kimoja kikishindwa, mnunuzi arejeshewe arbuni yake, aende zake, na pasiwe na kinyongo baina ya pande mbili.

Nimeiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, ili Bi Shamsa aisome mwenyewe.

Khalfan kaisoma akicheka. Yeye mzaliwa wa Tabora, kila kitu kwake ni bizinesi na mzaha. "Ya Suleiman, unanunua nyumba au unaoa? Wallahi hata mke hakaguliwi hivi!" Akanieleza tena desturi. Unakuja, unakunywa kahawa, unawauliza majirani, unatazama mara moja, khalas. Ukitia karatasi ya makosa ni kama umemwambia mwenye nyumba muongo.

Nimemwambia mimi simwamini mtu, naamini chupa ya maji. Akaikunja karatasi taratibu. Nadhani alinihurumia, na hilo silipendi.

Jumapili, 17 Oktoba

Bi Shamsa katia saini. Aliisoma karatasi kwa sauti, polepole, kidole juu ya mstari. Mara mbili. Alipofika sharti la tisa alisita. "Hili zuri," alisema. "Mengine hayo yako wewe, lakini hili zuri."

Kisha akaniuliza, "Na mimi je? Mimi nikague nini?"

Nikamwambia muuzaji hana cha kukagua. Akacheka kidogo. Safari hii kahawa niliinywa ikiwa moto.

Jumatano, 20 Oktoba

Maji ya kisima chake safi. Nimeyapima mara mbili. Safi kuliko ya hospitali.

Nilisikitika kidogo. Mtu gani anayesikitika maji yakiwa safi?

Ijumaa, 22 Oktoba

Leo magogo na kuta. Nimepanda ngazi chumba baada ya chumba, nyundo mkono huu, msumari mkono huu. Gogo moja moja la mtende nimeligonga. Yote yanalia vizuri. Hamna mchwa. Ukuta wa chumba cha kulala una ufa. Nimechokoa. Nikaandika kwenye daftari: ufa upo, haujafika ndani.

Bi Shamsa alinifuata nyuma na kiti chake kidogo. Kila chumba anakaa, ananieleza. Hapa mume wangu akipenda kusoma. Hapa ndipo alipofia, alielekea dirisha lile. Hapa niliweka sanduku langu la Unguja na halijaondoka tena. Mimi nagonga tu. Mwisho nikamwambia anyamaze kidogo, nataka kusikiliza gogo.

Akanyamaza. Gogo lilikuwa zima.

Magharibi kaniletea bokoboko mpaka dukani, kamtuma mpangaji wa jirani yake. Nimelila lote nimesimama. Mchana ule ningeweza kumwambia pole ya mumewe. Sikumwambia.

Jumatatu, 25 Oktoba

Barua kutoka Tanga. Raya kapata pasipoti. "Baba, nyumba ipo?" Ndiyo barua nzima, na salamu za mama yake mdogo.

Sijajibu. Bado paa.

Ijumaa, 29 Oktoba

Bi Shamsa amekwenda Mudhaibi kwenye matanga ya shemeji yake. Siku tatu. Ameniachia ufunguo, akaniambia nijione niko kwangu.

Leo nimefanya mtihani wa paa. Huu nimejifunza kwa baba. Nyumba yetu ya Malindi, kule Unguja, ilipotiwa paa jipya la chokaa, baba aliziba milizamu yote ya kutolea maji, akajaza maji juu kama birika, akayaacha mpaka siku ya pili. Asubuhi akatandika mkeka chini yake akalala chali. Halikudondoka hata tone. Ndipo fundi akapewa haki yake. Nilikuwa mdogo, nikalala ubavuni kwa baba, na sijapata kuona mtu mwenye amani kama yeye siku ile.

Paa hili lina milizamu mitatu, vigogo vya mtende vilivyochongwa tundu, vimetokeza nje ya ukuta. Nilikuwa sina kitambaa. Nimekichana kikoi changu cha buluu vipande vitatu nikaziba. Maji nimeyateka kisimani, ndoo arubaini, ngazi juu ngazi chini. Mgongo umekatika. Maji yamesimama vizuri, kiasi cha kina cha kiganja. Nimeona mawingu ndani yake.

Kesho asubuhi naenda na mkeka. Pakiwa pakavu, jioni namwandikia Raya.

Jumamosi, 30 Oktoba

Limeanguka.

Nilifika saa moja asubuhi, mkeka kwapani. Nilipofungua mlango nikapigwa na harufu ya udongo mbichi. Chumba cha kulala kimefunguka juu, naona mbingu. Magogo mawili yamening'inia. Makuti, udongo na maji vyote viko juu ya kitanda cha Bi Shamsa. Sanduku lake la Unguja halionekani.

Sikugusa kitu. Nimechukua ndoo yangu nikatoka. Nimefunga mlango kwa ufunguo, kama kwamba kuna mtu atakayekuja kuiba shimo.

Lingengoja nilale pale chini, ningekufa. Nalifikiria hilo, na haliniogopeshi kama kumwambia Bi Shamsa.

Jumapili, 31 Oktoba

Sijamwambia mtu. Kazini nimevunja chupa mbili.

Najiambia paa lilikuwa bovu. Paa lililo zima lisingeanguka. Mtihani ni mtihani.

Jumatatu, 1 Novemba

Bi Shamsa alirudi adhuhuri. Mimi na Khalfan tulikuwa mlangoni tunamngoja. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeisema njia nzima: "Paa halikuhimili mtihani wa maji, kwa mujibu wa sharti la nne." Nikaisema. Hamna neno la uongo ndani yake.

Aliingia chumbani. Akatazama juu, kwenye mbingu. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama kuna kitu kilichoniangukia. Nikasema hapana. Akasema, "Alhamdulillahi. Nyumba imenifedhehesha mbele ya mgeni. Nisamehe, mwanangu."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Arbuni akaitoa palepale. Ilikuwa bado kwenye kitambaa nilichompa nacho, fundo langu halijafunguliwa. Nimeichukua. Nimempa ufunguo wake. Khalfan hakufanya mzaha hata mmoja.

Jumatano, 3 Novemba

Nimemwona Mbarak, fundi wa nyumba za udongo, anajenga ukuta nyuma ya msikiti. Nikajifanya napita. Nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga, kitu gani kinaua paa la udongo.

Akasema, "Maji yaliyosimama." Bila hata kuinua kichwa. Mvua haina neno, maji yanapita na kutoka. Lakini mlizamu ukiziba, udongo unakunywa, unakuwa mzito, usiku mmoja tu paa linaaga. Ndiyo maana kila mtu hapa huanza kusafisha milizamu kabla ya mawingu ya baridi. "Paa la udongo si birika, ya akhi. Hili hata mbuzi wanajua."

La baba lilikuwa chokaa. Iliyopigwa kwa magongo wiki tatu mpaka ikawa jiwe. Hili ni udongo na makuti. Miaka kumi nimo nchi hii na nimekagua kila kisima, sikuuliza hata siku moja paa limejengwa kwa kitu gani.

Kisha nikakumbuka kikoi. Sikukitoa. Nilitoka na ndoo tu.

Nimepita nyuma ya nyumba, upande wa mitende. Milizamu mitatu, yote wazi. Hamna kitambaa. Upepo? Nilikisokomeza kwa kijiti.

Ijumaa, 5 Novemba

Khalfan amekuja chumbani, mara ya kwanza. Kakaa kitandani kwangu kwa sababu kiti ni kimoja.

Habari zimeenea Sufala nzima kwamba nyumba ya Bi Shamsa imeoza. Mtu wa Sur aliyekuwa akiitaka baada yangu kakataa hata kuja kuitazama. Mwanawe wa Maskati kasema basi, iuzwe kiwanja, ivunjwe. Na Bi Shamsa analala jikoni, hataki kwenda Maskati mpaka lijulikane moja. "Anasema haondoki na kuiacha nyumba imelala na jina baya," Khalfan alinieleza. "Ajuza yule, wallahi, kashikilia."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Mimi ni mwoga. Nimewatoza watu faini Unguja kwa viluwiluwi vya mbu ndani ya mtungi, na mimi mwenyewe ni mwoga.

Jumapili, 7 Novemba

Kuna furushi lilikuwa juu ya meza yangu maabara. Mlinzi kasema limeletwa na gari la mboga kutoka Sufala.

Juu tende, zimefungwa kwenye jani. Chini yake kikoi changu cha buluu. Vipande vitatu. Vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa, vimefukizwa udi. Hamna barua.

Anajua. Anajua tokea siku ya kwanza.

Nimekaa mpaka maabara ikafungwa. Chupa za leo sijazipima. Zimebaki zimepangwa dirishani.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimekwenda moja kwa moja kutoka kazini, sikula. Alikuwa jikoni, kakaa kwenye kile kiti chake kidogo. Nikamwamkia. Akajibu marahaba, karibu, ukae. Nikasimama.

Nimesema yote. Milizamu, ndoo arubaini, baba na mkeka. Nimesema nilipoisema sentensi yangu pale mlangoni nilikuwa najua nusu, na baada ya siku mbili nilijua yote, na sikuja. Bora niandike kuwa nililia. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.

Alingoja nimalize. Akasema, "Nilipanda juu siku ile ile, mlipokwisha ondoka. Nikasema labda ndege wameziba. Nikavuta, kikatoka kikoi."

Nikamuuliza mbona hakusema. Mbona hakumwambia Khalfan, mbona hakumwambia mwanawe, wakati mji mzima unamcheka.

"Nilitia saini," alisema. "Uliandika pasiwe na kinyongo. Nikawa najaribu. Sharti gumu lile, mwanangu! Siku ya tatu ilikuwa ngumu mno."

Na kikoi? Akasema kikoi ni changu, kitu cha mtu hurejeshwa. Kisha akaongeza kuwa wiki imepita, akaona kama hakunisukuma kidogo sitokuja.

Nimeiweka arbuni mbele yake, na fundo lile lile. Nimemwambia nainunua nyumba kwa maneno tuliyokubaliana, paa nalijenga mimi, na karatasi ya masharti nimeichana. Kweli nimeichana, vipande viko mfukoni. "Hukagui tena?" akauliza. Nikasema basi.

Kahawa akanimiminia. Nikanywa vikombe vitatu. Mbele ya Khalfan kesho nitasema maneno yale yale, na kwa majirani vilevile.

Ijumaa, 19 Novemba

Paa limefungwa. Siku tisa za kazi. Mbarak kaweka magogo mapya mawili, mikeka ya makuti, udongo uliokanyagwa na majani makavu. Mimi nilibeba udongo. Ananiita bwana wa mafuriko mbele za watu, na kila mpita njia anaelezwa kisa kutoka mwanzo. Stahili yangu.

Amenionyesha paa linavyolazwa, kidogo kidogo kuelekea kila mlizamu. Alimimina bakuli moja la maji juu. Yakakimbia, yakatoka nje, yakadondoka kwenye kichochoro. "Mtihani wetu ndiyo huu," akasema. Bakuli moja.

Sanduku la Bi Shamsa tulilikuta zima chini ya udongo. Kanga zake mbili zimeharibika. Kakataa nimlipe, kasema zilikuwa zimeshamchoka.

Mchana tulikula sinia moja, mimi, Mbarak na Khalfan, Bi Shamsa akituamrisha kutoka mlangoni tule zaidi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikula na watu watatu. Nilirudi chumbani nikaona cherehani hazina kelele sana.

Nimemwandikia Raya: nyumba ipo.

Jumamosi, 27 Novemba

Bi Shamsa kaondoka leo.

Mwanawe alifika na gari asubuhi, mtu mpole, ana haraka. Bi Shamsa akamwambia angoje nje. Akanigeukia: "Sasa zamu yangu."

Akazunguka chumba baada ya chumba, mkono wake ukutani. Mimi nikamfuata nyuma na kiti chake. Hakukaa hata mara moja. Kwenye chumba cha kulala akaweka kiganja juu ya ule ufa nilioandika. Kisha akasimama mbele yangu, akanitazama usoni muda mrefu, kama ninavyotazama chupa mimi.

"Ufa upo," alisema. "Haujafika ndani."

Kumbe alilisoma daftari langu. Nikataka kucheka, ikatoka sauti nyengine.

Ufunguo kanipa kwenye kiganja, akakifunga kwa vidole vyake. Kiti kile kidogo kakiacha. Dele la kahawa pia, ati huko Maskati wana chupa ya moto. Gari lilipoondoka hakugeuka. Nimesimama kichochoroni mpaka vumbi likatulia.

Nimelala hapa. Nyumba ina vyumba vitano. Nilikuwa sijui vitano ni vingi hivi.

Alhamisi, 9 Desemba

Barua ya Raya.

"Baba, nimefurahi kwa nyumba. Nitakuja, lakini nitakuja kwa mwezi mmoja kwanza. Tukielewana nitabaki. Tusipoelewana nitarudi Tanga, na usije ukanikasirikia. Ulipokuja mara ya mwisho ulikaa siku tatu. Siku ya kwanza ulinitazama meno na kucha. Siku ya pili ulinisahihisha mwandiko. Siku ya tatu uliukagua mtungi wa mama mdogo mbele ya wageni. Mimi sitaki kukaguliwa tena. Safari hii ngoja nikutazame mimi."

Nimeumia. Siku ile nilidhani huko ndiko kumpenda. Kucha zake zilikuwa na udongo, nikaogopa minyoo. Sikuwa na namna nyengine ya kumshika mkono.

Mtoto wangu ananiwekea sharti. Nimeanza kumjibu. Nimeandika kuwa mwezi ni mfupi, kuwa baba hajaribiwi, kuwa mtungi ule ulikuwa na viluwiluwi kweli. Nimeichana. Sijajibu.

Jumapili, 19 Desemba

Nimepaka chumba chake chokaa. Nimeweka kitanda upande wa dirisha, nikakitoa, nikakirudisha. Nyumba ikinyamaza nasikia maji ya mfereji wa shambani.

Bado sijajibu.

Jumatano, 12 Januari 1983

Imenyesha. Mvua ya kwanza tangu nihamie hapa. Ilianza baada ya alasiri, matone makubwa, kisha ikamwagika kweli.

Nilikimbilia chumba cha kulala na ndoo mbili. Nikaziweka chini ya magogo mapya. Nikakaa kwenye kiti cha Bi Shamsa, uso juu, nikangoja. Robo saa. Nusu saa. Ndoo kavu.

Nikatoka nje kichochoroni bila ya kitu kichwani. Milizamu mitatu yote inatoa, maji mekundu ya udongo, yanapiga chini na kukimbia. Nimesimama nikalowa. Watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele mitaani, mama zao wanawaita. Mimi hakuna anayeniita niingie.

Nikaingia mwenyewe. Nikasema kwa sauti, "Bi Shamsa, halivuji." Vyumba vikanyamaza. Nilivua nguo nikajifunga kipande kimoja cha kile kikoi, bado kina udi kidogo, nikapika kahawa kwenye dele lake. Nikamimina vikombe viwili kwa kusahau. Nikanywa vyote viwili.

Kisha nikamwandikia Raya. Mistari mitatu, sikurudia kusoma wala kusahihisha. "Sharti nimelikubali. Sina kinyongo. Njoo unikague."

Mvua imekatika. Nimeifunga bahasha. Kesho niipitishe posta kabla ya kwenda kazini.